Mkunga Aliyezimisha Malori

Mnanisumbua na habari hii kana kwamba mimi na kalamu ni marafiki. Haya, someni.

Yule mkunga wa Bwera, mji wa Uganda mpakani na Kongo, ana mikono midogo na pumu. Vumbi la kahawa inayokobolewa likimjia peke yake, anapiga chafya na kucheka. Likikutana na moshi wa malori yanayongoja mpakani, kifua kinalia filimbi na kubana. Ndiyo maana kila asubuhi hunusa upepo mlangoni kabla ya kufunga kitenge.

Siku uchungu ulipomzidi Kahambu, mchuuzi wa pale mpakani, kando ya barabara, mkunga alipiga magoti palepale, nyuma ya lori lililokuwa likinguruma. Mtoto akatoka kimya, rangi ya majivu, hapumui. Mkunga akainama ampulizie pumzi, akakuta yeye mwenyewe hana. Akapiga ubavu wa lori kwa kiganja.

"Zima!"

"Mama, betri iko mubaya, nikizima haiwake tena!" dereva akalia.

"Isiwake! Zima!"

Dereva akazima, akawapigia kelele wenzake nao wazime. Kahambu, pale chini, akasikia malori yakinyamaza moja baada ya jingine mpaka kwenye daraja la mpakani, hata akausikia mto. Miaka yote akiuza pale, hakujua kwamba mto unasikika. Mkunga akavuta pampu yake ya pumu, akangoja kifua kifunguke, kisha akampa mtoto pumzi kidogo kidogo, za mashavu tu. Mtoto akapiga kelele.

"Na yako, mama, imebaki?" Kahambu akauliza.

"Ya kukugombeza iko. Funika mutoto."

Sasa wewe uliyesoma, ukisimamisha gari mlangoni pa watu, zima injini, halafu uje uniambie umesikia nini.