Kikombe cha Kulikumbusha Ziwa

Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kubeba ndoo kichwani, lakini si wa kutosha kuachiwa jiko, kazi yangu ilikuwa maji. Tulikaa Kashikishi, karibu na Nchelenge, ambako mchanga unashuka moja kwa moja hadi Ziwa Mweru. Baba alikuwa mvuvi. Yeye, mama na nkambo, yaani bibi yetu mzaa baba, walikuwa wametoka ng'ambo, upande wa Kongo, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili na kwa majirani tukasema Kibemba.

Nkambo ndiye aliyenifundisha kuchuja. Unakunja kitenge mara nne, unakifunga mdomoni mwa mtungi, unamimina taratibu. Juu ya kitambaa hubaki matope, magamba ya samaki na vidudu vyenye miguu mingi kuliko nilivyoweza kuhesabu wakati ule.

"Chungulia," aliniambia. "Unaona sura yako? Basi mayi iko safi."

Nilichungulia, nikaiona sura yangu, nikaridhika. Nilikuwa mtoto mwenye majivuno, na mtungi wangu ulisifiwa.

Kulikuwa na desturi nyingine. Baba akienda kuvua na kulala kambini kisiwani siku kadhaa, kila asubuhi nilichota kikombe kimoja mtungini nikakimwaga ziwani. Nkambo alisema ziwa lina mwenyewe, na huyo mwenyewe hukumbushwa kwa kikombe hicho: huyu anakunywa maji yako, ni mtu wako, mrudishe. Nilikimwaga kwa adabu, wala sikuwahi kuona ajabu kwamba ninarudisha maji kule kule nilikoyachota.

Mwaka mmoja mvua zilizidi na kipindupindu kikaingia ufukoni. Baba alikuwa ameshaondoka siku mbili pale watu wa zahanati walipopita nyumba kwa nyumba wakigawa vichupa vya dawa ya maji. Chuja kwanza, walisema, kisha tia kizibo kimoja kwa ndoo kubwa, usubiri nusu saa. Nkambo alinusa kichupa, akakunja uso.

"Mayi ya hii nyumba ikinuka dawa, ziwa haitajua tena mutu wake," alisema. "Itamukataa."

Mama hakuwa mtu wa kubishana na mama mkwe. Aliitikia, "Ndiyo, mama," kisha akatia kizibo kimoja mbele ya macho yake.

Asubuhi iliyofuata nilimwaga kikombe kilichonuka dawa. Mchana upepo ukaamka. Mitumbwi ilirudi mmoja mmoja, wa baba haukuwamo. Mama alishinda ufukoni amejiziba mdomo kwa kitenge. Nkambo aliketi kizingitini na kusema, bila kumtazama yeyote, "Niliwaambia."

Nilikuwa na miaka tisa. Sikumwuliza mtu. Niliumwaga mtungi wote nyuma ya nyumba, nikausugua kwa mchanga mpaka harufu ikaisha, nikaenda kuchota upya pale pale pwani, karibu na mitumbwi iliyotoka kufika. Nikachuja kwa kitenge mikunjo minne, nikachungulia, nikaiona sura yangu. Kisha nikapeleka kikombe ziwani, nikaomba radhi.

Jioni mama alirudi, macho mekundu.

"Ulichota?"

"Nilichota, mama."

"Ulitia dawa?"

"Nilitia, mama."

Kesho yake baba akarudi! Alikuwa amejificha kisiwani mpaka upepo ulipotulia, lakini nani angeniambia hivyo nikasikia? Nilijua nani kamrudisha. Mdogo wangu Mwape, wa miaka minne, alimrukia baba, akadai kunywea kikombe chake, wakapokezana. Mimi niliyachota maji hayo kwa mkono wangu. Sijawahi kufurahi namna ile tena, na nasema kweli.

Siku ya pili Mwape alianza kuharisha, choo kama maji ya kuoshea mchele. Alfajiri tulimkimbiza zahanati, baba akimbeba. Alikuwa anaomba maji. Kabla jua halijafika utosini, alikuwa ameshaacha kuomba.

Mficha maradhi, husema wenye Kiswahili chao, kilio humfichua. Kilio kilikuja kwetu, kikajaza uwanja, na mimi hakikunifichua. Nilikaa katikati ya wanawake nikalia kama wao, na mama akawa anarudia kwa kila aliyeingia: "Dawa tulitia. Tulitia, na mutoto alikufa." Waliosikia waliondoka wakitikisa vichwa. Sijui ni vichupa vingapi vilimwagwa kwa ajili ya maneno yale.

Nkambo amekufa, baba pia. Mimi sasa ndiye ninayepita nyumba kwa nyumba na ndoo ya mfano, yenye kokoto na mchanga uliooshwa, nikieleza kwamba kitenge hukamata kinachoonekana, mchanga hukamata zaidi kidogo, lakini kile kinachoua hupenya vyote viwili. Mvua ikijaza mashimo ya vyoo mchangani, uchafu unateremka mpaka tunapochota, na maji bado yanakuonyesha sura yako. Kwa hiyo chemsha, au tia dawa. Watu hunisikiliza. Mlango mmoja tu ndio ulinishinda, wa mama. Kila nilipoleta kichupa alinijibu yale yale: "Tulitia, na mutoto alikufa."

Masika haya kipindupindu kimerudi. Nilikwenda kwake na binti yangu, ambaye nilimpa jina la Mwape. Nikiwa bado navua viatu, mtoto alikwisha kujichotea kikombe mtungini. Nilikipokonya mdomoni mwake kwa nguvu hata akalia.

"Unamupigia nini mutoto?" mama aliuliza.

"Mama," nilisema, "ile siku sikutia."

Nilimweleza yote, upepo, mtungi niliousugua, kikombe nilichopeleka ziwani. Nilitegemea anifukuze. Aliketi chini, mikono mapajani, akawa mzee mbele yangu.

"Ulitaka baba yako arudi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na miye nilitaka arudi." Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Vizibo ngapi?"

"Kimoja tu."

"Basi tia. Tia, miye nikiangalia."

Nilitia, kisha tukakaa sote watatu kungoja nusu saa ipite. Nkambo hakuwa mjinga. Alichuja alichokiona, na asichokiona alikiombea kwa namna aliyoijua. Aliyejua siku ile kwamba dawa haikuwamo mtungini ni mimi. Baba nilimpata kwa miaka mingine mingi, na kila mwaka wa miaka hiyo nilipomtazama akila, nilimhesabia mdogo wangu Mwape umri ambao angekuwa nao.