Babu wa Uskoti Amepatikana Jikoni Kwangu

Leo nimempatia baba mkwe babu wa babu yake, na mikono yangu imejaa unga.

Watu wangu, kaeni chini.

Mzee ametoka Uskoti kututembelea hapa Brussels, na ni mtu wa maneno machache. Kutwa yuko kwa laptop jikoni, anapekua rekodi za ubatizo za kanisa la kijiji chao. Shida ni moja: kuna akina William watatu, na hajui wa kwake ni yupi.

Mimi nakanda chapati zangu. Nikamuuliza tu, "William wako, kijana wake wa kwanza aliitwa nani?"

"Alexander."

"Basi tafuta William ambaye baba yake ni Alexander. Kwetu Wakikuyu, kijana wa kwanza hupewa jina la babu wa upande wa baba. Wa pili hupewa la babu wa upande wa mama."

Akacheka. (Kwa adabu, lakini alicheka.)

Halafu akarudi kwa laptop, akatafuta.

Yuko! Mmoja tu kati ya wale watatu ndiye mwana wa Alexander! Kumbe Waskoti wa zamani nao walikuwa na desturi hiyo hiyo.

Mzee akavua miwani, akatazama tumbo langu. Daktari ashatuambia ni kijana.

"Na huyu?"

"Huyu ni wewe, Baba. Naye ni Angus."

Jamani, mzee mzima alijifuta macho na kitambaa changu cha vyombo!

(Mume wangu alikuwa ashachagua jina la mchezaji mpira. Pole yake.)

Nikampigia baba yangu kule Nyeri. Sasa nisaidieni jibu, kwa sababu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Vizuri sana. Na mimi nazaliwa lini?"