Mwalimu Aliponiambia Niteke

Nyinyi wajukuu, pamoja na wenzenu mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Siandiki ili mnisifu. Nilisoma madarasa manne tu, mengine nikayaokota mwenyewe. Naandika kwa sababu nawasikia mkisema kwamba sisi wa zamani tulifundishwa kwa kiboko peke yake. Kiboko kilikuwako, sikatai. Lakini maneno tulifundishwa kwa mchezo, na mchezo mmoja nusura unitoe shule.

Nililelewa na bibi yangu Mtongwe. Miaka michache kabla ya uhuru, baba, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alinichukua nikakae naye Changamwe, maana huko kulikuwa na shule karibu na nyumba na wasichana wakipokewa. Mkewe hakuwa mama aliyenizaa. Alikuwa Mtaita, mrefu, na sauti yake ilivuka nyumba tatu. Nikimwita mama, na wallahi hakunibagua hata siku moja. Ila sharti lilikuwa wazi: shule ikinishinda, narudi Mtongwe. Na kurudi ndio mwisho wa kusoma, kwa kuwa bibi alishasema msichana wa kimo changu akae ndani ajifunze kupika.

Darasani tulikuwa mchanganyiko, watoto wa watu wa reli, wa bandari, wa mashamba ya nyuma huko, na kila mmoja amekuja na Kiswahili cha kwao. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke kijana wa kutoka bara. Alikuwa na kapu. Ndani alitia kata ya maji, mwiko, kifumbu cha kuchujia tui, kipande cha sabuni, upawa. Huvipanga mezani tukavitazama, kisha tukafumba macho naye akaficha kimoja. Wa kwanza kukitaja kilichopotea ndiye wa kuficha mara ya pili. Siku alipoficha kifumbu nilikitaja peke yangu, na mvulana mmoja wa bara akasema, "Mimi nilidhani ni kofia ya babu yangu!" Tulipiga kelele hata darasa la pili wakaja kuchungulia. Mpaka leo nikishika kifumbu nayasikia yale makelele, na moyo unanilainika, mimi ambaye mwasema sina moyo.

Baada ya kapu ukaja mchezo wa vitendo. Mwalimu humwita mtoto mbele, akamwambia neno, naye hulifanya bila kusema. Fagia. Ruka. Twanga. Siku hiyo mwenzangu aliambiwa "Lia!" akajifuta macho vizuri sana. Kisha nikaitwa mimi.

"Abee, mwalimu."

"Teka!"

Sasa sikilizeni. Kwetu Mtongwe, kucheka ni kuteka. Kuteka maji pia twasema, lakini ulimi hukaa mahali pengine, kwa kucheka hugusa meno, na mtu wa kwetu hakosei. Mwalimu wa bara ulimi wake ulikuwa na *t* moja tu. Mimi nimetoka kusikia lia, nikajua sasa ni zamu ya furaha. Nikacheka. Akadhani naona haya. "Teka, mwanangu, teka!" Nikazidi, nimeshika mbavu. Wenzangu wananikodolea macho. Kengele ikalia, tukatawanyika, hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Jioni mama akaniuliza, "Haya, leo mmefanya nini?"

"Mwalimu kaniambia niteke, mama. Nimeteka hata mbavu zaniuma."

Akaacha kumenya muhogo. "Wewe peke yako?"

"Peke yangu."

"Na wenzako?"

"Wakinitazama tu."

"Na mbavu zinauma?"

"Zauma, lakini nilifurahi."

"Anafurahi!" akamwambia jirani juu ya ua. "Mtoto wa watu wamemgeuza punda wa maji, naye anafurahi!" Baba, naye mtu wa Mtongwe, alikuwa zamu; angalikuwapo angaliutatua ule mkanganyo kwa neno moja. Mama akanigeukia, "Shule basi. Kuteka, utateka hapa kwetu."

Nikamtazama, sielewi vipi mtu akatazwe shule kisha aamrishwe kucheka nyumbani.

Asubuhi alijifunga leso mbili, akanishika mkono hadi mlangoni mwa darasa. "Mwalimu, huyu nilikuletea asome. Maji yako jitekee mwenyewe!"

Mwalimu akashangaa. "Maji gani, mama? Sijamtuma mtoto yeyote maji."

"Basi mtoto wangu ni mwongo?"

Wote wawili wakanitazama. Hapo nilijua kwamba kwa njia yoyote nimekwisha. Nikisemwa mwongo, narudishwa Mtongwe. Mwalimu akisemwa mbaya, natolewa shule, narudishwa Mtongwe vilevile.

Mwalimu akafikiri kidogo. Akanivuta mbele ya darasa, na mvulana wa ile kofia ya babu kando yangu. "Tucheze kama jana. Tekeni!"

Mvulana akainama, akavuta kamba ya kisima, mkono juu ya mkono, na ndoo isiyoonekana ikapanda. Mimi sikuwa na la kuchekea. Lakini nimeambiwa niteke. Nikateka. Nikacheka kwa sauti, machozi yakinimiminika, na kadiri nilivyolia ndivyo nilivyojilazimisha kucheka.

Mama akanikazia macho. Akamtazama mvulana na kamba yake. Akarudi kwangu.

"Huku ndiko kuteka kwenu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ala! Na jana zile mbavu?"

"Za kuteka, mama."

Akajiziba mdomo kwa leso, haikumfaa kitu. Alicheka hadi akaegemea ukuta, na mwalimu akacheka, na darasa zima. Alipotulia akanifuta uso kwa pembe ya leso yake, kwa nguvu, kama anayefuta sufuria. "Nenda ukakae kitako. Na usome!"

Nilisoma pale hadi madarasa yangu manne yakaisha, na mama hakunitishia tena kunitoa.

Nilipopata nyumba yangu na watoto wangu, niliwakusanya wote, mume akiwamo, nikawapa amri moja, na ingali amri hadi sasa: "Mtoto akirudi shule na neno linalowachemsha, asipigwe wala asikatazwe kwenda. Mwambieni kwanza alifanye kwa vitendo, mulione."