Siku Niliposifu Ngamia wa Watu Wajir

Nilitakiwa kusema "hapana, mimi nabaki hapa nipumzike," basi. Ni maneno ambayo mzee wa umri wangu huyasema kutwa bila kufikiri, lakini siku ile niliyatafuta mdomoni nikayakosa. Dubow aliniambia twende tukaone mji, nami nikasema haya, twende. Aibu yote ilianzia hapo, na leo naisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia wengine wakiisimulia vibaya (kuna mmoja hapa mtaani kwetu Waberi, Garissa, anaapa kwamba nilitumbukia kisimani, sikutumbukia, na afadhali ningetumbukia).

Tulikuwa Wajir kwa shughuli ya heshima. Mahad, mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye nilimlea tangu hajui kufunga vifungo vya shati, alikuwa amempata msichana wa huko aitwaye Hodan, muuguzi, walijuana wakiwa chuoni, na jamaa za msichana walikuwa wamekubali kutupokea na kutusikiliza. Kwetu kijana hajiposei. Yeye hubaki nyumbani na wasiwasi wake, huenda wazee, na kati ya wazee kuna mmoja ndiye msemaji, wengine ni kuitikia tu. Msemaji nilikuwa mimi. Jioni ya kuondoka Garissa, Mahad alinibebea begi mpaka kwenye basi, akaniwekea maji na tende mfukoni, kisha akaniinamia dirishani akasema, "Adeer, mimi sina baba mwingine wa kunisemea." (Adeer ndivyo tunavyomwita ndugu wa baba.) Nikamwambia akalale usingizi mzito, jambo hilo limekwisha. Ona maneno hayo. Limekwisha!

Tulikuwa wazee watatu: mimi, Sheikh Noor ambaye ni mtu wa maneno machache, na Dubow, ndugu wa mke wangu, ambaye ni mtu wa maneno yote yaliyobaki. Tulifika asubuhi, tukapata lojingi, tukaoga, tukala wali na nyama ya mbuzi, tukaswali adhuhuri. Kikao kilikuwa baada ya alasiri. Kwa hiyo kulikuwa na saa mbili tatu za bure, na saa za bure kwa mtu kama Dubow ni kama kiberiti kwa mtoto.

"Shemeji," akasema, "utarudi Garissa uulizwe Wajir ikoje, useme umeona dari ya lojingi?"

Sheikh Noor, aliyekuwa amejilaza na kofia imemfunika macho, akajibu bila kuiondoa. "Mposaji hatembei mji wa watu kabla hajakaribishwa. Tulieni ndani kama maharusi."

Ningemsikia Sheikh Noor. Lakini Dubow alikuwa amenigusa penye kidonda, maana mimi, tangu nimalize kidato cha nne na kuajiriwa stoo ya serikali mpaka nilipostaafu, nimekuwa nikijitapa barazani kwamba Kaskazini Mashariki yote naijua kama kiganja changu, na ukweli ni kwamba nilikuwa naijua Garissa, Sangailu nilikozaliwa, na barabara ya kwenda Nairobi. Wajir nilikuwa sijapata kuiona hata siku moja. Wajir, mji wa visima vya kale, unaotajwa katika kila hadithi ya bibi zetu! Nikavaa kabisa nguo za kikao ili nikitoka huko nipitilize: kikoi kipya kilichopigwa pasi, shati jeupe, na koti la kijivu nililoazima (halikunitosha mabegani, lakini nikisimama wima lilionekana langu). Tukaondoka.

Mwanzo ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Tulipita kwenye nyumba za zamani zenye kuta nene za chokaa, nyeupe mpaka macho yanauma, tukatazama matao ya milango, Dubow akimwuliza kila mtu nyumba hii ni ya nani na ile ilijengwa lini, na kila mtu akimpa jibu tofauti. Kisha tukafika visimani. Sikuwa nimefikiria kwamba maji yangekuwa karibu vile. Pande zetu kisima ni safari ya kwenda chini, lakini pale mtu anainama tu na ndoo yake, na mawe ya ukingoni yamelainika kwa mikono ya watu ambao hakuna aliye hai anayejua walikuwa nani wala walielekea wapi. Nilipiga picha. Nikampiga Dubow, Dubow akanipiga mimi, nikawa naitafutia simu pembe nzuri nitume picha kwa wazee wenzangu wa msikitini wajue niko wapi.

Ndipo wakaja ngamia.

Sisi wa Sangailu ni watu wa ng'ombe. Ngamia tunamjua, tunamla, tunamnywa, lakini ngamia wanaoletwa visimani Wajir ni kitu kingine, na mbele yao alikuwa jike mmoja mweupe, mrefu, shingo kama mlingoti, na kiwele kimejaa mpaka anatembea amepanua miguu. Alipofika kwenye birika la kunyweshea nilikuwa nimemweka katikati ya kioo cha simu, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Angalia kiwele hicho! Huyu peke yake analisha kijiji!"

Nikabonyeza picha. Nikanyamaza.

Msomaji wa kwetu ameshajua nilichosahau. Mtu hasifu mnyama wa mtu, wala mtoto wa mtu, bila kusema mashallah, maana sifa tupu inabeba jicho, na jicho linaua. Mimi nalijua hilo tangu utotoni, nimewahi kuwagombeza wajukuu kwa hilo hilo. Lakini akili yangu ilikuwa kwenye picha.

Mama mmoja mzee aliyekuwa anajaza mitungi akageuka. "Wewe mzee wa koti! Sema mashallah kabla hujayamaliza maziwa yote kwa macho!"

Watu wakacheka. Na hapo bado palikuwa na mlango wa kutokea, tena mpana: ningesema mashallah, ningecheka nao, ningekwenda zangu. Lakini nilikuwa na koti, nilikuwa msemaji, na nilikuwa nimechekwa na mwanamke mbele ya shemeji yangu. Nikasema kwa sauti ya stoo ya serikali, "Mama, ngamia hanywi maneno, anakunywa maji. Mwache anywe."

Haikupita muda. Jike lile likatoa mdomo birikani, likakohoa, likatetemeka miguu ya nyuma, likapiga magoti na kulala ubavu kwenye tope. Kicheko kikakatika. Mchungaji aliyekuwa akiimba wimbo wa kunywesha akaacha katikati. Mimi nikasema mashallah, nikaisema mara nyingi, nikaisema kwa sauti kubwa, na kila nikiisema ilisikika kama mtu anayefunga zizi wakati ng'ombe wameshatoka.

Mwenye ngamia alikuwa mzee wa ndevu zilizopakwa hina, mpole kabisa, na upole wake ndio ulionitia hofu. Akaagiza beseni. Akaliweka miguuni pangu.

"Nawa, ndugu yangu," akasema. "Uso, mikono, magoti, miguu. Tummwagie mnyama, uende zako kwa amani."

Hiyo ndiyo dawa ya jicho tangu zama za mababu: aliyetazama hunawa, na maji aliyonawia humwagiwa aliyetazamwa. Sikuwa mgeni wa dawa hiyo. Lakini kunawa ni kukiri. Nilitazama kikoi changu kilichopigwa pasi, nikatazama umati uliokuwa unakua (waendesha pikipiki walikuwa wameshaanza kuegesha), na akilini nikamwona Hodan ambaye sijawahi kumwona, na baba yake, na kikao.

"Mimi sina jicho," nikasema. "Ngamia wako ana gesi. Tafuta daktari wa mifugo."

"Shemeji, nawa twende," Dubow akaninong'oneza.

"Sinawi!"

"Anayekataa kunawa anajijua," akasema yule mama wa mitungi, na safari hii hakuna aliyecheka.

Simu ikalia mkononi. Sheikh Noor. "Uko wapi? Wenyeji wametuma gari."

"Niko njiani," nikasema, nimezungukwa pande zote kama mwizi wa mbuzi.

Ikalia tena. Mahad. Nilitazama jina lake likiwaka na kuzimika, nikashindwa kupokea, kwa sababu ningemwambia nini, kwamba msemaji wake amewekewa beseni? Yule jike akatoa mlio mrefu. Mwenyewe akamshika shingo, akanitazama, wala hakunitukana, akasema tu, "Huyu ndiye maziwa ya watoto wangu." Vijana wawili walikuwa wameinua simu, wananirekodi, na mmoja akawa anatangaza kama mpira wa redio: "Bado amekataa, jamani! Bado!"

Adhana ya alasiri ikasikika.

Nikavua koti, nikampa Dubow. Nikaosha uso. Nikaosha mikono mpaka viwiko. Kisha nikapandisha kikoi mbele ya wanaume, wanawake na simu zile, nikaosha magoti yangu membamba ambayo hata mke wangu hayaoni mchana, na miguu, na katika haraka nikakanyaga ukingo wa beseni na nusu ya maji ikanirudia kifuani. Yaliyobaki wakayachukua, wakammwagia ngamia mgongoni.

Sasa sikilizeni balaa. Niliomba, wallahi niliomba kwa moyo wote, mnyama yule asimame ili nipate kuondoka. Akasimama. Akajitikisa tope, akarudi birikani, akanywa kama hakuna kilichotokea, na umati mzima ukapaza sauti kwa pamoja. Nilikuwa nimeomba hukumu yangu mwenyewe. Angekufa, wangesema labda ni gesi. Kwa kuwa alipona kwa maji yangu, hakukuwa tena na cha kubishania.

Tulifika kikaoni kwa pikipiki moja, wazee wawili nyuma ya dereva, swala imeshaswaliwa. Wazee wa upande wa Hodan walikuwa wamekaa safu mkekani na Sheikh Noor peke yake mbele yao na kikombe cha chai kilichopoa. Nikasalimu, nikaomba radhi, nikasema tulipotea njia (uongo wangu wa pili na wa mwisho siku ile). Nikaanza hotuba niliyoifanyia mazoezi wiki nzima, ya ukoo na ukoo, ya kheri inayotafutwa mbali, na maji yalikuwa yakinidondoka kwenye pindo la kikoi, tone baada ya tone, na kila nikifika kwenye neno zuri nasikia nyuma ya pazia, walikokaa wanawake, sauti ndogo ya simu ikirudia: "Bado amekataa, jamani! Bado!"

Uso wangu ulikuwa umenitangulia.

Pazia likafunguka kidogo, mjomba wa Hodan akaitwa, akaenda, akarudi, akamnong'oneza msemaji wao. Msemaji akaniacha nimalize. Walikuwa watu wa adabu sana. Kisha akasema, "Mzee, tumekusikia, na kijana wenu tunasikia ni mwema. Nikuulize jambo moja. Ni wewe wa kisimani?"

"Ni mimi."

"Ulikuja kuposa ukaanza na kutembea?"

Sheikh Noor alikuwa anatazama kikombe chake.

"Sisi wanaume hatuna neno," akaendelea. "Ulimi huteleza. Ungenawa ulipoambiwa tungesema ni mzee muungwana. Lakini ulikataa mpaka mnyama akawa wa kufa. Msichana huyu ataishi bomani kwako, atazaa mbele ya macho yako, na siku mtoto atakapougua usiku mama yake atataka maji ya kunawa. Utakataa mpaka lini? Wanawake wameuliza hivyo, na mimi sina jibu la kuwapa."

Nilikuwa na majibu, ninayo mpaka leo, ninayapanga kila nikikosa usingizi. Siku ile nilisema tu, "Msimhesabie kijana kosa langu." Akaitikia kwa kichwa, akatuombea safari njema, wakatuletea chai nyingine, moto, yenye maziwa ya ngamia. Niliinywa. Sikuisifu.

Garissa nilimkuta Mahad stendi, na video ilikuwa imefika kabla ya basi. Hakupiga kelele, hakunilaumu. Alinipokea begi kama alivyonibebea, tukatembea mpaka penye maduka, ndipo akauliza, "Adeer, kwani ulikuwa na haja gani huko visimani?"

"Nilikuwa natazama mji," nikasema.

"Ulikuwa unatazama mji," akasema.

Hodan aliolewa na mtu wa kwao. Mahad akaomba uhamisho wa kazi, akaenda Isiolo, akawa anatuma salamu kwa mke wangu na si kwangu. Mimi tangu siku ile sisifu kitu. Wakiniletea mjukuu mchanga nasema mashallah nikiwa bado mlangoni, macho nimeyafumba, na wakwe wangu wanacheka wakidhani natania. Na nikialikwa popote ugenini nakaa chumbani nitazame dari. Yote hayo hayajanisaidia kitu.

Mwaka jana Mahad alioa, huko huko Isiolo. Sheikh Noor ndiye aliyemsemea. Mimi nilipata habari msikitini baada ya swala ya Ijumaa, kwa mtu aliyenishika mkono kunipa hongera akidhani nilikuwepo.