Lori la Papa Ndani ya Diski

Nikisikia harufu ya vumbi linalopata moto ndani ya kompyuta ya zamani, narudi Ndosho, mtaa wetu wa Goma, kwenye nyumba yetu ya mbao, dada yangu Masika akinionya nisiguse kitu. Vumbi la huko ni jeusi, na kompyuta ile ilikuwa imelimeza la kutosha.

Mlima wetu wa volkano ulikuwa umelipuka mwaka uliotangulia. Tulikimbilia Sake, tukarudi, na tangu hapo Mama akaweka sheria: kila chenye maana kilale kwenye mfuko mmoja karibu na mlango, tayari kwa kukimbia. Humo mlikuwa na vyeti vyetu vya kuzaliwa, diplome yake, na diski ya nje ya Masika, yenye mchezo wetu wa kuendesha malori.

Papa alikuwa dereva wa lori. Waasi walikuwa wamefunga barabara ya kaskazini, naye amekwama Butembo. Masika, ambaye hakuwa na subira hata ya kungoja maharagwe yaive, alikaa wiki nzima akilichora lori la Papa ili aliongeze kwenye mchezo: la bluu, turubai la kijani, taa moja imepasuka. Nyongeza kama hizo, ambazo wachezaji huziita mod, zilitiwa mchezoni na programu maalumu ya kuzisimamia. Lori likatokea kwenye skrini. Nami nikajiwekea imani yangu: siku nitakayolifikisha mwisho wa safari bila kulipindua, barabara itafunguliwa. Sikumwambia mtu.

Mchana mmoja programu ikaandika kwa Kifaransa kwamba folda haipo. Lori likapotea. Nilijifungia chooni nikalia. Masika alitafuta virusi, akazima na kuwasha, akalaumu courant, yaani umeme, akafuta nyongeza moja baada ya nyingine mpaka ikabaki ile ya Papa tu. Siku ya tatu alisema ataifuta nayo, aanze upya. Nilimshika mkono, na macho yangu yakaangukia herufi ambayo kompyuta ilikuwa imeipa diski.

"Yaya," nilimwita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "mbona sasa iko F? Zamani ilikuwa E."

Masika akacheka mpaka akakohoa. Kwa kuwa tulichomoa diski kila siku kuirudisha mfukoni, flash ya Mama yenye nyimbo za kwaya ilikuwa imetangulia kuchomekwa, ikachukua herufi E. Programu iliendelea kubisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Masika akaipa diski herufi ya kudumu, akaionyesha programu folda mpya, na lori likarudi na taa yake mbovu. Wiki hiyohiyo nililifikisha mwisho wa safari.

Papa alikuja baadaye, barabara ikiwa bado imefungwa, kwa kuzunguka Uganda na Rwanda, amekonda, ana mfuko mmoja wa plastiki. Nikamuuliza lori ameliacha wapi. Akamtazama Masika, naye akamvutia kiti na kuwasha mchezo. Papa alilitazama lori lake kwa muda mrefu.

"Klaksoni iko wapi?"

"Finya hapa, Papa," Masika akamwonyesha.

Akaipiga honi hiyo na kuipiga tena, huku machozi yakimtoka.

Nilikuwa nimeshakuwa mkubwa Masika aliponieleza kwamba lori lilichomwa moto njiani, na kwamba yeye na Mama walijua kabla hajaanza kulichora. Miezi ile yote mimi nilingoja lori. Wao walimngoja Papa.