Hodi ya Adhuhuri

Ukitaka kucheka, cheka. Nilikuwa macho, sijala kitu zaidi ya chai na kitumbua, na jua lilikuwa la utosi.

Nilikuwa chumbani kwangu Mlingotini, na laptopu yangu kuukuu imekataa kuwaka. Kosa langu. Nilikuwa nimeitengenezea kiini kipya, ile programu inayoamka kwanza na kuziamsha nyingine zote. Nilitaka iwe nyepesi. Mwanaume wa umri wangu akishindwa kupunguza kitambi chake, hupunguza cha kompyuta. Nikafyeka kila nisichokielewa, kumbe na draiva ya diski imo, kile kijiprogramu kinachoiwezesha kompyuta kuiona diski yake. Kiini cha zamani nikakifuta, kwa kujiamini kwa kisomi. Sasa maandishi yalikuwa yanashuka, yanakwama palepale: diski haionekani.

Na kwenye diski hiyo, isiyochomoka, kulikuwa na sauti ya marehemu mama akinieleza mkate wa kumimina unavyopikwa. Nakala pekee. Ndiyo, msomi mzima.

"Hodi."

"Karibu," nikajibu bila kuinua kichwa.

Mama alitukanya tangu utotoni: adhuhuri usiitikie hodi ya kwanza, ngoja ya tatu, maana saa hiyo majini hutembea, na binadamu hachoki kubisha.

Akaingia mwanamke wa makamo, kajitanda kanga, ananukia udi.

"Shikamoo."

Hakuitikia. Niambie, umewahi kumwona mtu mzima wa pwani akaiacha shikamoo ianguke chini?

"Mwanaume mzima, unakililia kioo?"

"Mama yangu yumo humu." Sijui kwa nini nilijibu hivyo.

"Mbona basi hujambishia?"

Akainama, akagonga kioo kwa ukucha. "Hodi, wa ndani."

Feni ikazunguka polepole, chumba kikawa kama kimezama majini. Bahari ya Mbegani, kijiji cha jirani, nikaisikia chini ya kitanda changu. Maandishi yakaanza kushuka tena, taratibu, kama manyunyu. Ikawaka. Nilipogeuka kushukuru, palibaki udi tu.

Nikatoka nje kumtafuta. Jirani yangu, Bi Mwanahawa, alikuwa barazani kwake akichambua mchele, mlango wangu mbele ya macho yake.

"We msomi, shikamoo ile ulimpa nani? Mimi nipo hapa tangu asubuhi, hujaniamkia!"

Niamini: kile kiini nimekikagua. Draiva ya diski haimo mpaka leo. Hakipaswi kuwaka, na kinawaka.

Ila ile sauti. Mwisho kabisa, pale mama alipokuwa akikohoa, sasa kuna hodi ya mwanamke yule. Mama ananyamaza. Nikainakili kwingine, hodi ikaja nayo. Mwezi jana nikaisikiliza tena, zikawa mbili. Mama kimya.

Sijaifungua tangu hapo. Namjua mama yangu. Ya tatu ataitikia.

Kwa hiyo ndugu yangu, kiini cha zamani usikifute, na sauti za wazazi wako zinakili mapema. Na ukibishiwa adhuhuri, hata kama umeinamia kazi, nyamaza kwanza. Ngoja.