Valvu ya Kwanza

Fundi wetu wa injini hupima nafasi ya valvu akiwa amefumba macho. Huzungusha shafti ya juu taratibu, huchomeka kile kibati chembamba cha kupimia, kisha hukivuta kwa vidole viwili kama anayemchomolea mtu barua chini ya mto akiwa amelala. Kikikwama kidogo tu, anaguna kwa kuridhika. Kikipita bila kusita, anasonya na kushika spana. Valvu ni kumi na sita, na ole wake atakayeuliza, "Bado?" Fundi atamjibu kwa ile sauti ya upole inayokera, "Umenipotezea hesabu," na kuanza upya valvu ya kwanza. Sisi wa gereji tulishajifunza kunyamaza.

Jumamosi ile gari lilikuwa la shemeji yake, na ndilo lililokuwa limpeleke fundi ukweni saa nane, akaeleze kwa nini mwaka mzima hajakanyaga huko. Saa sita mkewe akaja. "Baba watoto, bado?" Fundi akarudi valvu ya kwanza, nusura apige mluzi kwa furaha. Saa saba mkewe akauliza tena. Fundi akarudi tena. Basi mama akavuta kigoda ninachokalia nikishona viti vya magari, akakaa, akanyamaza. Kumi na nne. Kumi na tano. Mkono wa fundi ukazidi kuwa mzito. Kumi na sita. Akafumbua macho.

"Mbona huulizi?"

Mama akatoa shati lililopigwa pasi kwenye mkoba. "Niulize ili iweje, baba watoto? Vaa."